Betri Nyepesi Kuliko Birika

Daktari alimwambia baba asibebe kitu chochote kinachozidi uzito wa birika la chai. Nadhani alikuwa anatafuta mfano tu. Moyo wa baba ulikuwa umepanuka, na daktari alitaka maneno ambayo mzee angeyakumbuka akifika nyumbani. Baba hakuyakumbuka. Mama ndiye aliyeyakumbuka, na yeye hakusikia mfano, alisikia sheria. Tulipofika Bahati kutoka hospitalini, kabla hata hajavua koti, aliingia jikoni akatoa birika letu la alumini, lile kubwa lenye mkono uliofungwa kitambaa, akalijaza maji mpaka juu. Kisha akalinyanyua na kulishusha, akalinyanyua tena, macho ameyafumba. Alikuwa analikariri.

Tangu hapo kila kitu katika boma letu kilipimwa. Mama alishika kitu kwa mkono wa kulia na birika kwa mkono wa kushoto, akatulia kidogo, kisha akatoa hukumu. Kiti cha plastiki kilipita. Kiti cha mbao kilishindwa. Ndoo ilipita ikiwa tupu. Mtoto wa dada yangu alipita mpaka alipoanza kula ugali, hapo akaondolewa kwenye mapaja ya babu yake na hakurudishwa. Birika lenyewe lilikuwa ndio mpaka, na mama hakutaka mtu acheze mpakani, kwa hivyo nalo likakatazwa. Chai baba aliletewa mkononi, kikombe nusu.

Jirani aliyepita na kuona alisema mzee anatunzwa. Ni kweli alitunzwa. Alitunzwa mpaka akabaki hana kazi hata moja duniani, na kwa mtu kama baba hiyo ilikuwa shida kubwa kuliko moyo.

Baba alikuwa mtu wa betri. Kabla stima haijafika mashambani Bahati, watu walitazama televisheni kwa betri ya gari. Nguvu ikiisha, mwenye nyumba anaifunga betri kwenye keria ya baiskeli na kuileta senta kwa baba, anaiacha ichajiwe, kisha anairudisha nyumbani akiendesha polepole ili asidi isimwagike. Baba alikuwa na banda la mabati, meza ndefu, chaja iliyovuma kutwa nzima, na hakuwa na suruali hata moja isiyo na matundu ya asidi. Sisi watoto tulijua mechi kubwa inakaribia kwa kutazama urefu wa foleni.

Betri ikiletwa, hakuuliza imetengenezwa wapi wala imekaa muda gani. Aliinyanyua kwa kamba, akaipima mkononi, akasema "Hii ni betri" au "Hii si kitu." Hesabu yake ilikuwa rahisi. Betri nzito ina madini mengi ya risasi ndani, na risasi nyingi ni nguvu nyingi. Waliouza betri nyepesi aliwaita wauza mikate. Kwa hivyo nilikulia katika nyumba ambayo wepesi ulikuwa tusi. Chai ya maziwa kidogo ilikuwa nyepesi. Mhubiri aliyemaliza mapema alikuwa mwepesi. Mchumba wa kwanza wa dada yangu mkubwa alikuja kujitambulisha, akala, akaaga, baba akasema "Huyo hana asidi," na mambo yakaishia hapo.

Stima ilipofika, foleni iliisha. Baba alihamishia meza na chaja kwenye kibanda nyuma ya nyumba, akaendelea na betri za malori na trekta mpaka moyo ulipomwangusha. Baada ya hospitali hakuingia tena kwenye kibanda. Hakuna kitu humo ndani kilichokuwa chepesi kuliko birika.

Jioni moja nilimpigia simu nikiwa Nakuru, nikamuuliza anafanya nini.

"Nangoja," akasema.

"Unangoja nini?"

"Si hata wewe unajua."

Kisha akaniuliza kama mvua imenyesha huko mjini. Nikamjibu kuhusu mvua. Nilipokata simu nilikaa kwenye duka langu la dawa za mifugo, nikaogopa. Sikuwa naogopa moyo wake, huo daktari alikuwa ameushughulikia. Niliogopa kwamba baba amekubali. Alikuwa amelisema lile neno bila uchungu wowote, na baba ni mtu ambaye hata bei ya kabeji huilalamikia.

Hapo ndipo gari langu linapoingia. Nina kigari cha Kijapani cha viti viwili, cha michezo, kilichokaa chini kama slipa. Nilikinunua nilipofika umri ambao wanawake wa ukoo wetu hununua ng'ombe wa pili. Nikiwa barabarani natazamana na magurudumu ya malori yanayoshusha viazi kutoka Molo. Mimi pia ni mwanachama wa kikundi cha watu wazima wasio na haya ambao hukutana mara moja moja upande wa Longonot, kwenye barabara ya ndani ya shamba la mtu tunayemfahamu, tunapanda kilima mmoja mmoja kwa kasi huku mwenzetu ameshika saa. Anayeshinda hapewi kitu. Anayeshindwa huchekwa mpaka tukutane tena.

Ugonjwa wa kikundi chetu ni kilo. Gari likiwa jepesi linapanda haraka, basi kila mtu anatafuta cha kutoa. Mmoja aling'oa kiti cha abiria, na mkewe hakukosa la kusema. Mwingine alitoa zulia, redio na tairi la akiba, akapata pancha akirudi nyumbani. Mwenyekiti wetu aliniambia, kwa adabu nyingi, kwamba katika gari langu mzigo mkubwa kuliko yote ni dereva. Nikaagiza betri ya lithiamu.

Betri hizi hazina risasi wala asidi ya kumwagika. Zinawasha injini vilevile, lakini ile niliyoagiza ilikuwa na ukubwa wa mkate, na uzito wake ni wa mikate michache. Ile ya zamani, ya risasi, ilikuwa na uzito wa mtoto anayekataa kwenda shule. Tena ilikuwa imeanza kuchoka, asubuhi za baridi inaguna kwanza ndipo iwashe, kwa hivyo nilikuwa na sababu ya heshima ya kuibadilisha.

Fundi yeyote wa mjini angenifungia betri hiyo huku anaongea na simu. Lakini katika familia yetu hakuna mtu mwingine aliyewahi kufunga betri. Nilimpigia baba nikamwambia nina betri mpya, nitakuja Jumapili anielekeze. Mpango wangu ulikuwa mdogo. Angekaa kwenye kiti cha plastiki anitajie spana, nami ningemtii. Nilidhani hiyo ingempa kitu cha kufikiria kwa wiki moja.

Jumapili nilimkuta amesimama langoni, amenyoa ndevu, amevaa koti lake la kazi. Sikuwa nimeliona koti hilo tangu hospitali. Mama alikuwa amelifua na kulipiga pasi, matundu yote ya asidi yakaonekana vizuri.

"Iko wapi?" baba akauliza.

Nilimpa sanduku. Mama alikuwa jikoni, la sivyo hilo lisingetokea. Baba alilishika kwa mikono miwili, akakunja magoti, akanyoosha mgongo kama alivyotufundisha sote, akalivuta kwa nguvu. Sanduku likaruka mpaka kwenye kidevu chake. Akalitazama.

"Umewacha betri kwa duka," akasema.

"Iko ndani, baba."

Akalifungua mezani kwenye kibanda, akaitoa betri, akaigeuza, akaitingisha karibu na sikio.

"Mami, hawa watu wamekuibia. Hii haijawekwa asidi."

"Hiyo ni lithiamu. Hiyo ndio uzito yake."

"Hii ni kasha tu. Wamekupea betri kavu."

Hapa lazima nimtetee. Siku zake, betri mpya zilikuja kavu kutoka dukani, nyepesi, na kazi ya fundi ilikuwa kuzijaza asidi kabla ya kuzichaji. Baadaye zikaja zile zilizoandikwa kwamba zimefungwa kabisa, haziongezwi maji. Baba alibandua stika juu yake akakuta vifuniko sita vimefichwa, akavifungua, akaongeza maji, na betri zilizokuwa zimetupwa zikafufuka. Alifanya hivyo miaka mingi na hakukosea hata mara moja. Mtu akiwa sahihi kwa muda mrefu namna hiyo, ni vigumu sana kumsaidia.

"Vifuniko viko wapi?" akauliza.

"Haina vifuniko."

"Wanafichanga chini ya stika."

"Baba, hii hapana."

"Mm," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeahirisha kesi.

Wakati huo mama aliniita akasema sukari imekwisha, nikimbie senta. Nilienda kwa miguu, sikuona sababu ya kushuka na kupanda kile kigari kwa ajili ya sukari. Njiani nilisalimiana na watu, nikaulizwa kama nimeolewa tena, nikajibu, nikarudi.

Nilipokaribia kibanda nilisikia harufu ya makaa. Baba alikuwa amekaa mbele ya jiko la mkaa, betri yangu iko mapajani mwake. Stika ilikuwa imebanduliwa yote na kubandikwa ukutani, kwa sababu yeye hatupi kitu. Chini ya stika alikuwa amekuta plastiki laini isiyo na kifuniko hata kimoja. Hakukata tamaa. Alikuwa amechora kwa chaki mahali pa matundu sita, yamepangwa sawasawa, kama betri yoyote yenye malezi. Mkononi alikuwa na koleo, na kwenye koleo msumari mrefu uliokuwa mwekundu kabisa.

"Baba, weka hiyo msumari chini."

"Natoboa kidogo tu tuone maji yake."

"Haina maji. Ukitoboa inashika moto."

"Betri haishikangi moto. Mimi nimetoboa ngapi?"

"Hii inashika. Inachoma wewe, inachoma kibanda, inachoma nyumba."

"Wewe ulisoma mambo ya ng'ombe," baba akasema, na akaushusha msumari kuelekea tundu la kwanza.

Nilimnyang'anya betri. Ilitoka mikononi mwake kirahisi sana, na ule urahisi ndio ulioniumiza. Katika nyumba ile kila mtu alikuwa anamwondolea baba vitu mikononi. Mama alimpokonya jembe, dada zangu walimpokonya viti, majirani walimpokonya hata mfuko wa unga akiwa njiani kutoka dukani. Mimi nilikuwa nimeendesha gari kutoka Nakuru nikiamini kabisa kwamba siko katika kundi hilo.

Baba alichovya msumari kwenye kopo la maji, ukalia. Akaweka koleo mezani, mahali pake.

"Sawa," akasema.

Akaenda akakaa kwenye kiti cha plastiki, akakunja mikono. Kuna watu ambao wakikasirika hupiga kelele. Baba husema sawa. Nilitamani anitukane.

Nikafungua mtoto wa meza nikatoa balbu yake ya majaribio. Ni balbu ya taa kubwa ya lori yenye nyaya mbili, ambayo alikuwa anawaonyesha wateja wasioamini. Betri nzuri huiwasha nyeupe. Betri iliyochoka nayo huiwasha nyeupe mwanzoni, kisha mwanga unageuka manjano, kisha unakuwa rangi ya chai, na mteja anaelewa bila kuambiwa. Niliunganisha nyaya. Balbu ikawaka nyeupe.

Baba alikuwa anatazama upande wa shamba la mahindi. Alitazama mahindi kwa muda, kisha akatazama balbu kwa jicho moja. Alikuwa anangoja manjano. Mimi pia nilikuwa nangoja, maana ukweli ni kwamba nilikuwa sijaijaribu. Manjano hayakuja. Akavuta kiti mbele kidogo, halafu tena kidogo, mpaka magoti yake yakagusa meza.

"Asidi iko wapi?" akauliza.

"Haina."

"Sasa nguvu inatoka wapi?"

Nilimweleza nilivyoweza, na nilivyoweza haikuwa sana. Nilifika katikati nikapotea.

"Hujui," baba akasema.

"Sijui vizuri."

"Hujui, na umeinunua."

"Ndio, baba."

Hilo lilimpendeza. Uso wake ulilegea, akainama akaikagua ile betri pande zote, safari hii bila chuki.

"Zima hiyo balbu," akasema. "Unaimaliza bure."

Nikazima. Akanyoosha mkono kuichukua.

"Wewe!"

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda na birika la chai na vikombe mikononi. Alikuwa ameleta chai, lakini alikuwa pia amesikia habari za kuchoma nyumba. Mkono wa baba ukabaki hewani.

"Ni nyepesi," baba akamwambia.

"Wewe hujawahi kusema kitu ni nzito. Hata siku ile ulianguka ulisema ni nyepesi."

Siku ile alianguka na betri ya trekta. Mama alitutazama sote wawili, akaweka vikombe mezani, akaitazama betri, halafu akaichukua kwa mkono wa kulia. Birika lilikuwa kushoto, limejaa chai. Akafumba macho.

Sikuwa nimepanga hivyo. Nilinunua kitu hicho kwa ajili ya kilima cha Longonot na maneno ya mwenyekiti, na sasa nilikuwa nimesimama kwenye kibanda cha betri, mikono nimeifunga tumboni, namwangalia mama kama mtu anayengoja majibu ya mtihani. Mama alinyanyua kidogo kulia, akanyanyua kidogo kushoto. Akafumbua macho, akabadilisha mikono ili haki itendeke, akafumba tena.

"Birika ndio nzito," akasema.

Alisema kama mtu aliyekosa kitu alichokuwa anakitafuta. Kisha akaitoa ile betri, na hakunipa mimi. Alimpa baba. Akaacha vikombe na kurudi jikoni na birika lake, akasahau kwamba chai ilikuwa yetu.

Ilibaki kutoa ya zamani. Katika gari langu betri hukaa nyuma, ndani ya buti, jambo ambalo baba aliliona kama kuweka jikoni chumba cha kulala. Alisimama kando na mikono nyuma, akatoa amri. Hasi kwanza. Sasa chanya. Sasa ule ukanda wa chuma. Sasa kunja magoti. Nyoosha mgongo, si namna hiyo, hivyo ndivyo watu wanavunjika. Niliibeba ile betri kwa kamba yake mpaka mezani, kama alivyobeba yeye maisha yake yote, nikalazimika kuitua njiani nipumzike. Alifurahi sana kuniona nahema.

"Sasa hiyo," akasema akiipigapiga ile ya zamani, "hiyo ilikuwa betri."

Halafu akachukua ile mpya. Kutoka mezani mpaka garini ni hatua chache tu, mtu anaweza kuzitembea huku anapiga mwayo. Baba hakupita huko. Alitoka kibandani akageukia upande mwingine, akazunguka nyumba yote, akapita mbele ya mlango wa jikoni ambapo mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, betri inaning'inia kwenye mkono mmoja kama mfuko wa mtu anayekwenda mjini. Mkono wa pili aliuweka mfukoni kabisa. Alipotokea upande wa gari alikuwa anapiga mluzi. Sijui wimbo ulikuwa gani, pumzi haikutosha.

Betri ilikuwa ndogo kuliko mahali pake, ikacheza. Mimi nilikuwa nimekuja na kipande cha sponji kilichotoka kwenye sanduku. Baba alikiangalia, akakitupa kwenye nyasi, na nimeshasema yeye hatupi kitu. Alikata ubao wa mti wa saipresi, akauzungushia mpira wa tyubu kuukuu, akapima kwa vidole, akakata tena. Ilichukua muda mrefu na sikumharakisha. Alipoisukuma ndani, betri ilikaa kama imezaliwa humo. Akafunga chanya, akanyoosha mkono apewe spana.

"Hasi mwisho," tukasema pamoja. Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyotufundisha, kabla ya sala.

Nilizungusha ufunguo, injini ikashika mara moja bila kuguna. Baba aliinamisha kichwa akasikiliza.

"Inawaka haraka kama mwongo," akasema. "Tutaona."

Nilipokuwa naaga, mama alipakia gari. Hakuna mtu anayetoka kwetu na gari tupu, sembuse mtoto wa kuzaa. Ziliingia kabeji, mahindi mabichi, maharagwe, ndizi za kupika, na gunia dogo la viazi ambalo jirani alikuwa ameleta kutoka Molo, likafungwa mkanda kwenye kiti cha abiria. Nilimweleza mama kwamba siku nzima tumekuwa tukipunguza uzito. Alisema hiyo ni kweli, sasa kuna nafasi. Nilishuka kuelekea mjini gari likiburuza tumbo kwenye kila tuta.

Longonot nilipanda kilima na viazi vya mama bado garini, nikachelewa kuliko mara iliyopita. Mwenyekiti aliuliza kama ile betri ilifika. Nilimwambia ilifika.

Jumapili iliyofuata baba alinipigia asubuhi na mapema. Betri ya aina ile, alisema, haiaminiki, lazima ikaguliwe kila wiki. Betri ile haihitaji kukaguliwa. Haiongezwi maji, haipanguswi asidi, na kadiri inavyoachwa bila kuguswa ndivyo inavyofurahi. Nilifungua mdomo nimweleze, nikaufunga, nikaenda kutafuta ufunguo wa gari.

Imekuwa hivyo hadi leo. Naegesha, nafungua buti, nakaa kwenye kiti cha plastiki ambacho sasa ni changu. Baba anafungua hasi, anafungua chanya, anaitoa betri na kuipeleka mezani kwa njia ya jikoni. Anaipangusa vumbi lisilokuwepo. Anawasha balbu, anaitazama, anangoja manjano. Kisha anairudisha kwa njia ya jikoni, mkono mmoja mfukoni. Fundi wangu wa mjini aliniuliza kwa nini vichwa vya skrubu za betri vimelika namna ile na betri bado mpya. Nikamwambia vinafunguliwa sana. Aliuliza kwa sababu gani. Nikasema kwa ukaguzi, na akaniangalia kwa huruma.

Mwanzoni mama alikuwa anasimama baba akipita, anamfuata kwa macho mpaka kona, anasikiliza pumzi yake. Nilimwona akifanya hivyo, sura imekaza, kisu na kiazi mkononi. Wiki zikapita. Siku moja hakusimama. Siku nyingine hakuinua hata kichwa, alivuta tu miguu yake nyuma ili baba apite, kama unavyompisha mtu mwenye shughuli zake.

Jumapili hiyo baba alikuwa anairudisha betri garini. Mama aliendelea kumenya.

"Ukimaliza huko upitie hapa," akamwambia. "Hii chai itafika kwa mtoto hapo nje aje?"

Baba alifunga chanya, akafunga hasi, akafunika buti. Akaenda jikoni mikono mitupu. Mama alimwonyesha birika kwa ncha ya kisu. Mimi nilikuwa nimekaa nje na vikombe, naona kila kitu kupitia mlangoni. Birika lilikuwa limejaa. Mama angeweza kulipunguza, na hakulipunguza.

Baba akakunja magoti. Akanyoosha mgongo. Akaushika ule mkono wenye kitambaa, akalinyanyua birika, akatoka nalo polepole, na safari hii hakuzunguka popote, alikuja moja kwa moja. Alinimiminia mimi kwanza, mpaka juu kabisa, na hakumwaga.

"Ni nzito?" nikamuuliza.

Alifikiria.

"Imejaa," akasema.

Akamimina chake, akamimina cha mama, akaliweka birika mezani. Mama alikuwa amezidisha sukari. Tuliinywa yote.